Nani ana picha ya mikandaa yetu?

Maneno haya juu ya mikandaa, yaani mikoko ya pwani, niliyazungumza Chake Chake, Pemba, mbele ya vijana wanaopiga picha, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimeongeza kidogo tu pale ambapo muda ulinibana.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa sheha, masheikh zangu, wazee wetu mliokaa mbele, kina mama wa kamati za misitu, na nyie vijana ambao nawaona simu ziko juu tayari mnanirikodi, ahsanteni sana kwa kuja. Najua huu ni msimu wa karafuu na wengine mmeacha majamvi yamesheheni nyumbani na mvua haina miadi, kwa hiyo sitozunguka.

Tarehe 25 Disemba 2020 upande mmoja wa jumba la Beit al-Ajaib uliporomoka pale Forodhani, Unguja, nyote mnakumbuka, na watu walifariki, Mungu awarehemu. Siku ile ile simu zetu zilijaa picha za jumba lile lilivyokuwa, kila mtu alikuwa nayo moja, hata yule ambae hajawahi kuingia ndani. Kuna picha zake za kabla ya vita vya Agosti 1896, wakati mnara wa taa ulikuwa mbele yake umesimama peke yake, na kuna picha za baada ya mizinga ya Waingereza mnara ule umetobolewa. Hayo tunayajua kwa sababu kamera iliingia Unguja zamani sana, akina Gomes walikuwa na studio mjini tokea karne ya 19, wakaja akina Coutinho, mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, na watu hawa walipiga masultani, walipiga milango, walipiga majahazi, walipiga harusi. Mtu akitaka kulijenga tena Beit al-Ajaib lilivyokuwa, hapana wa kumdanganya, ushahidi upo.

Sasa nakuulizeni nyie. Nani hapa ana picha ya mikandaa ya kijijini kwao ilivyokuwa mwaka 1990? Nyoosheni mikono. Basi mwaka 2005? Msitu wa maweni nyuma ya kijiji, kabla haujaingia shoka na kabla halijaingia tingatinga la mwekezaji, nani anayo?

Hapana mkono. Na mie sikutegemea mkono, maana nimeuliza suali hili Micheweni, nimeuliza Makangale, nimeuliza mpaka Chwaka kule Unguja, jawabu ni hiyo hiyo. Picha za harusi zipo, za maulidi zipo, za mchezo wa ng'ombe zipo, za pwani nyeupe na mnazi umeinama zipo mpaka zimezidi. Ile sehemu inayotulisha samaki na kaa, inayozuia bahari isiingie kwenye bonde la mpunga, ile haina picha. Kwa hiyo ikikatwa, mzee anasema hapa palikuwa na mikandaa mpaka kule, na kijana aliekuja na ramani yake anasema hapana mzee hapa siku zote palikuwa wazi, na neno la mzee linakuwa neno tu. Hilo ndilo lililonileta. Nataka kamera zetu na simu zetu zigeuke zitazame upande huo, na nataka picha zile ziwe na tarehe, ziwe na jina la mahali, na zirudiwe rudiwe pale pale mwaka hadi mwaka.

Kuna watu walishapita njia hii, na mmoja katika visa vyao nitakaa nacho kidogo maana kina mafunzo kuliko vyengine. Kuna kisiwa kinaitwa Tasmania, kiko kusini ya Australia, kikubwa sana kuliko chetu. Ndani yake kulikuwa na ziwa linaitwa Pedder, lina ufukwe wa mchanga mpana katikati ya milima, na shirika la umeme la serikali ya kule likaamua kulizamisha chini ya maji ya bwawa. Alikuwepo bwana mmoja, Olegas Truchanas, asili yake Lithuania, mkimbizi wa vita, na sikilizeni hili, alikuwa mfanyakazi wa shirika lile lile la umeme. Akawa anaingia porini na mtumbwi wake na kamera, anarudi na slaidi, anawaonesha watu kwenye ukumbi wa mji wa Hobart na watu wanajaa. Mwaka 1967 moto mkubwa wa msituni ukaunguza nyumba yake na picha zake. Picha za miaka yote. Akaanza tena, akarudi mito ile ile na milima ile ile kupiga upya.

Ziwa halikuokoka. Mwaka 1972 lilizama, licha ya picha zote zile na watu wote wale ukumbini. Na mwaka huo huo Truchanas mwenyewe alizama kwenye mto Gordon, alikwenda kupiga picha, na aliempata maiti yake ni kijana ambae yeye ndie alikuwa akimfundisha, Peter Dombrovskis, na yeye mtoto wa wakimbizi, wazazi wake watu wa Latvia.

Huyu kijana hakuacha. Mwaka 1979 alifika kwenye mto Franklin, akapiga picha moja ya asubuhi, ukungu umekaa juu ya maji, jiwe kubwa katikati, mto unapinda. Kamera yake ilikuwa ile kubwa ya filamu za shiti moja moja, ya kubebwa mgongoni. Kisha shirika lile lile likataka kuuzamisha na mto huo kwa bwawa. Safari hii watu walikuwa wameshaona ziwa lilivyozama, hawakungoja. Walikwenda mtoni wakazuia kazi na vidau vyao, watu zaidi ya 1,000 wakakamatwa, na uchaguzi wa Machi 1983 ulipofika ile picha ya Dombrovskis ikachapishwa kwa rangi ukurasa mzima kwenye magazeti, ikiwauliza wapiga kura kama wataweza kukipa kura chama kitakachoharibu mahali hapa. Serikali ikabadilika, kesi ikaenda Mahakama Kuu ya Australia, Julai 1983 bwawa likakatazwa kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Wanne kwa watatu! Mto Franklin unapita mpaka leo.

Nakwambieni kisa hichi kwa sababu wengi mnapenda kusikia kwamba picha moja iliokoa mto, na maneno hayo ni matamu lakini hayajatimia. Picha ilikutana na watu waliokuwa tayari kukamatwa, ikakutana na kura, ikakutana na jaji. Na nyuma ya picha ile moja kulikuwa na ziwa lililozama na miaka ya picha za mtu mwengine. Kijana anaeposti picha moja ya msitu wa Ngezi leo, akapata laiki, akasema nimefanya uhifadhi, mie simlaumu lakini namwambia hujaanza.

Wamarekani nao wana yao. Mwaka 1861 Carleton Watkins alipandisha kamera na vioo vya kupigia picha, kioo kimoja kinakaribia sentimita 55 kwa 45, juu ya migongo ya nyumbu wa kubebea mizigo mpaka bonde la Yosemite, picha zile zikafika mashariki ya nchi, na tarehe 30 Juni 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe bado vinapigwa, Rais Lincoln akatia saini sheria ya kulilinda bonde lile. Baadae Ansel Adams alichukua picha zake akaenda nazo Washington mwaka 1936 kuwaonesha wabunge, na hifadhi ya Kings Canyon ikapatikana 1940. Haya yanajulikana na yanasifiwa, na yanastahiki.

Lakini kuna jambo katika picha zile linanikera na lazima niliseme mbele ya wazee hawa. Ukizitazama utadhani bonde la Yosemite halikuwa na mtu. Milima, maporomoko ya maji, miti, basi. Na wenyewe walikuwepo, watu wa asili wa bonde lile, na mwaka 1851 wanamgambo waliingia wakawafukuza na kuwachomea moto vijiji vyao. Miaka kumi tu baadae kamera ikaja ikapiga bonde zuri lisilo na mtu. Sasa fikirini picha ya aina hiyo ikipigwa hapa kwetu. Kisiwa kidogo, mchanga, vichaka, hapana binaadamu, na chini imeandikwa paradiso iliyofichika. Anaeisoma picha hiyo ofisini mbali huko anaona eneo tupu. Na eneo tupu lina bei.

Hapa kwetu eneo tupu halipo. Chukueni kisiwa cha Misali. Kila mtu anaipiga Misali kutoka angani, kijani katikati na buluu pembeni, nzuri mashaallah. Lakini Misali wavuvi wanakwenda dago, wanalala pale, wanakausha samaki, wamefanya hivyo tokea babu na babu. Na wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhr alifika pale, ikawa wakati wa sala na msala hapana, basi kisiwa chenyewe ndicho alichosalia, maana kimeelekea Qibla. Mwaka 1998 Misali iliwekwa kuwa eneo la hifadhi, na moja katika mambo yaliyosaidia ni kwamba masheikh waliingia, wakazungumza na wavuvi msikitini kwa lugha wanayoijua, kuwa hii bahari ni amana na kuwa Mola kasema kuleni na kunyweni wala msifanye israfu. Mvuvi aliekuwa haogopi faini wala boti ya doria, hilo aliliogopa. Mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa ikawa ile ya mkondo wa Pemba upande wote wa magharibi. Sasa niambieni, picha ya Misali isiyokuwa na mvuvi, isiyokuwa na ngarawa, isiyokuwa na kibanda cha dago, ni picha ya Misali gani? Mie nataka tupige msitu na mtu wake. Mama anaerudi na mzigo wa kuni nae aingie kwenye fremu, kwa ruhusa yake, maana huwezi kuzungumza juu ya mikandaa ukamficha anaepikia mikandaa. Anakata kwa sababu gesi ni ghali. Picha ya kweli itaonesha hayo mawili pamoja.

Na ruhusa nimeisema sikuisema kwa kupita. Wazee mnajua kuna misitu ambayo hauingii hivi hivi, kuna mvyale wake, yaani msimamizi wake wa mila, kuna makaburi ndani. Kijana na kamera yake ya milioni kadhaa aende kwanza kwa sheha, aende kwa wazee, aseme mie mtoto wa fulani nataka kupiga picha na picha zitakwenda mahali fulani. Misitu ile imebaki kwa sababu ya heshima ile. Popo wetu wenyewe mashahidi, maana miti mikubwa ya makaburini ni sehemu moja waliyopona.

Niwaelezeni hawa popo maana watu wa nje wanawajua kuliko sisi. Popo wa Pemba hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwa hiki. Mkubwa, mbawa zake zikikunjuka zinafika mita moja na nusu na ushei, rangi ya kahawia nyekundu, anakula matunda na anapanda mbegu za msitu usiku kucha bila mshahara. Walikuwa wakiwindwa kwa bunduki na nyavu, na mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamepungua mno mpaka wataalamu wakakhofia wanamalizika. Vijiji vikaanzisha vilabu vyao vya ulinzi, watoto wakafundishwa skuli, Kidike watu wa kijiji wakaanza kupokea wageni wa kuja kuwatazama, na ilipofika 2007 walihesabiwa zaidi ya 20,000. Hii ni kazi ya Wapemba. Sasa mgeni anakuja pale, na wakati mwengine kijana wetu mwenyewe, anapiga makofi au anarusha jiwe ili popo waruke mchana apate picha wakiwa hewani. Wallahi hili nalichukia. Yule popo mchana amelala, ana mtoto kifuani, unamrusha kwenye jua kali kwa ajili ya klipu ya sekunde kumi. Picha yake nzuri ni akiwa ananing'inia amejifunika mbawa, lensi ndefu, mdomo umefungwa, wewe na yeye hapana aliemsumbua mwenziwe. Na magharibi wataruka wenyewe, kundi zima, subiri.

Mambo hayo hayo kwa kiti cha pweza, yule samaki nyota, kule mafungu ya mchanga, watu wanamtoa majini wanamuweka mkononi au kichwani wapige selfi, na yeye nje ya maji anakufa. Mambo hayo hayo kwa kasa anaepanda kutaga, tochi na fleshi zinamrudisha baharini na mayai yake. Na droni, kwanza ina kibali chake, fuateni utaratibu, na pili msiipeleke juu ya miti waliolala popo wala karibu na viota vya ndege. Na kitu chengine ambacho wengi hamkijui, simu inaandika ndani ya picha mahali ulipo. Kwa mikandaa hiyo ni faida, tunaitaka. Kwa kiota cha kasa au tundu la bundi wetu wa Ngezi, zimeni, maana anaetafuta mayai nae ana simu.

Kamera imeshafanya makubwa Unguja, msidhani mambo ni ya Marekani tu. Kuna mnyama mdogo jamii ya kanu, wa Unguja tu, wanasayansi walimuandika mwaka 1998, na picha yake ya kwanza akiwa hai porini ilipatikana 2003 Jozani kwa kamera ya mtego, ile unaifunga kwenye mti inapiga yenyewe mnyama akipita. Kabla ya hapo ukisema yupo unaambiwa hadithi za wazee. Chui wa Unguja kinyume chake, huyu tulimuwinda tukammaliza au karibu na kummaliza kabla kamera hizo hazijafika, tunae makumbusho amejazwa majani, ngozi yake ina madoa madogo madogo, na mpaka leo watu wanabishana yupo au hayupo. Na kima punju, ambae alikuwa akiitwa mchawi na kufukuzwa mashambani, leo yuko kwenye kila kitabu cha wageni, barabara ya Jozani imewekwa matuta kwa ajili yake baada ya magari kuwagonga, na hesabu iliyotangazwa 2019 ilimkuta zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, na wako hata nje ya hifadhi, kwenye misitu ya vijiji. Misitu hiyo ya vijiji ndiyo ambayo haina picha. Mnyama kapata umaarufu, nyumba yake haikupata.

Ndo maana narudi kwenye maweni. Uwandani, jiwe la matumbawe juu, udongo mchache, vichaka vya miiba, mibuyu, mapango. Watu wanaona ni kichaka tu, hakina kazi. Kukipiga picha kikaonekana kizuri ni kazi ngumu, nakubali, mara mia rahisi kupiga bahari. Lakini paa nunga anaishi humo, na paa nunga ni katika wanyama adimu kabisa Afrika, kwa Unguja hayumo kwengine ila vichaka hivyo. Vichaka hivyo ndivyo vinavyochomwa makaa na chokaa na kukatwa viwanja. Na huku kwetu Pemba msitu mkubwa wa asili uliobaki ni Ngezi, hekta 1,400 na kitu, basi. Sehemu kubwa ya kisiwa ilikuwa hivyo kabla ya mikarafuu, na baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja ndio Pemba ikapandwa zaidi na zaidi. Karafuu imetusomesha, siisemi vibaya. Nasema tu kwamba kilichobaki ni kile pale, na mtu akisimama ndani yake kwenye mivule na mipapindi, miti ya jamii ya mnazi na mtende, ya Pemba hii, anasimama kwenye kitu cha mwisho.

Haya sasa kazi yenyewe, na hapa vijana toeni madaftari.

Msituni nendeni siku ya mawingu. Jua kali la saa sita linatoboa majani, picha inakuwa na madoa meupe na meusi, macho hayajui yatazame wapi. Mawingu yanatuliza mwanga, na baada ya mvua majani yana rangi yake. Mwenye kamera na filta ya polaraiza aitumie hata msituni, inaondoa ule mng'aro kwenye majani mabichi, si ya kupigia mbingu tu. Mwenye simu abonyeze kidole kwenye skrini aushikilie mwanga usibadilike, aegemeze simu kwenye mti kama hana tripodi. Kipindi cha kusi upepo unapiga, majani hayatulii, tokeni mapema alfajiri kabla haujaamka.

Mikandaa ni maji. Ukipiga maji yamejaa unaona majani tu juu ya bahari, ukipiga yametoka unaona mizizi, tope, kaa, visiki vilivyokatwa, kila kitu kiko uchi. Kwa ushahidi nataka maji yametoka, na nataka bamvua, maana ndio maji yanatoka mbali. Kina mama wa mwani hapa hawahitaji kufundishwa, bamvua huku kwetu maji hutoka asubuhi saa nne saa tano, mwanga bado haujaharibika sana. Sasa ukitaka kurudia picha ile mwakani lazima maji yawe sawa, vyenginevyo unalinganisha maji, hulinganishi miti. Kwa hiyo kila picha iandikwe tarehe mbili, ya kizungu na ya mwezi mwandamo. Picha ya tarehe kumi na tano ya mwezi mwandamo irudiwe tarehe kumi na tano ya mwezi mwandamo. Kalenda ya msikitini inajua bahari kuliko programu ya simu, na kila nyumba inayo.

Halafu alama. Chagueni jiwe, au kona ya ukuta, au nguzo ya saruji, kitu kisichoondoka. Simameni pale pale, kimo kile kile, simu wima au simu ulalo lakini siku zote namna moja, bila zumu, na ndani ya fremu kuwe na kitu cha kudumu, mnara wa simu, paa la skuli, mlima, ili anaetazama ajue hakudanganywa. Usitie filta za kupendezesha. Ukitaka toleo la kupendeza la kuposti piga jengine, lile la ushahidi libaki lilivyo. Picha ya namna hii ni kama hati ya shamba, haimvutii mtu yeyote mpaka siku ya ugomvi.

Na ugomvi utakuja, ndugu zangu. Sheria yetu ya misitu ya mwaka 1996 imewapa wanavijiji nafasi ya kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao, mnaijua COFMA, baadhi yenu hapa mmo kwenye kamati. Nimekaa kwenye vikao ambavyo kamati inasema msitu umekatwa na upande wa pili unasema haujakatwa, na kikao kinamalizika kila mtu na lake. Mwenyekiti akiwa na picha nne za jiwe moja, miaka minne, bamvua moja, kikao kinabadilika sura. Nimeona wazee ambao hawajasoma wakaichukua picha wakaonesha kwa kidole, hapa, na hapa, na hapa, na afisa akanyamaza akaandika.

Ndio maana picha zianzie kijijini kabla ya kwenda popote. Zichapishwe kwenye karatasi, kubwa, zibandikwe ofisi ya sheha, madrasa, skuli, baraza wanapocheza bao. Mtu wa Makangale aione Ngezi yake ukutani kabla mtu wa Berlin hajaiona kwenye simu. Simu zinaibiwa, memori kadi zinakufa, yule bwana wa Tasmania moto ulimchukulia picha zake zote siku moja, kwa hiyo kopi moja ikae kwa kamati, moja iende Idara ya Misitu, moja iende ofisi ya Nyaraka kule Unguja ikae pamoja na hizo za masultani. Hapana sababu mikandaa ya Micheweni isikae kabati moja na Seyyid Barghash.

Ameuliza kijana pale nyuma, na nitamjibu kwa sauti wote msikie, kwamba atakula nini, maana picha za harusi zinalipa na za visiki hazilipi. Suali la haki. Jawabu yangu ni kwamba piga harusi, piga mahoteli, usiache kazi yako. Kazi hii ninayoiomba ni asubuhi moja ya bamvua kwa mwaka, mahali pamoja, na vijana wa shehia wakigawana hapana anaebeba mzigo peke yake. Na kama wewe unapigia mahoteli picha za pwani, basi una sababu zaidi ya mtu mwengine, maana pwani hiyo hukaa kwa sababu kuna mikandaa na miamba ya matumbawe mahali inayoishikilia. Ng'ambo ya pili kule karibu na Pangani palikuwa na kisiwa Maziwe, kina miti, kasa wakitaga, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Wavuvi wa zamani wanakikumbuka kina kivuli. Na Kisiwa Panza hapo kusini bahari inakula ardhi sasa hivi, watu wanaishi pale, wanazika pale.

Basi tumekubaliana na masheha waliokuja leo hivi. Wete watachukua ukingo wa Ngezi upande wa Makangale pamoja na njia ya Vumawimbi. Micheweni watachukua mikandaa yao na Ras Kiuyu. Mkoani watachukua Kisiwa Panza, na naomba wao waanze mwanzo maana kwao hapangojeki. Chake watachukua Misali, na waende na wavuvi wa dago, wasiende na boti ya watalii. Bamvua la kwanza ni mwezi mpya unaokuja, siku mbili tatu baada ya kuandama. Anaetaka kushiriki aandike jina lake kwa mama wa kamati alieshika daftari pale mlangoni, aandike na shehia yake, na simu yoyote inafaa, hata iliyopasuka kioo madhali kamera inafanya kazi.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.